Kutojibu si Sifuri Nyumbani Kwetu

Mrinalini Thakur,
Darasa la Kumi,
Mtaa wa Nyumba za Reli,
Samastipur, Bihar.

14 Novemba

Kwa Mwalimu Bhairavnath Pathak, Mkurugenzi,
Kituo cha Tuisheni ya Mitihani ya Benki,
Ghorofa ya pili, juu ya duka la peremende.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: OMBI LA KUUREKEBISHA TENA MPANGO WA MASOMO WA DADA YANGU VIBHA

Leo ni tarehe kumi na nne Novemba, Siku ya Watoto. Shuleni tumepewa pipi moja moja na hotuba ndefu kuhusu maisha yetu ya baadaye, kisha tukaruhusiwa kurudi nyumbani mapema. Nimeamua kuutumia muda huo kukueleza kila kitu bila kuficha, hata yale yanayoiaibisha familia yangu. Mwalimu wetu wa lugha, Bi. Kaushalya, ametufundisha kwamba barua ya malalamiko iwe na adabu, iwe na namba, na isimtukane mtu. Nitajitahidi kuyafuata yote matatu, ingawa hilo la tatu litanitoa jasho.

Kwanza pokea shukrani zetu. Dada Vibha alikuwa mtu wa kawaida kabisa. Alicheka kwa sauti mpaka jirani akauliza kuna nini, na alikuwa akivaa bangili zangu bila kuomba. Kisha akashindwa mtihani wa benki, akaurudia, akashindwa tena, na baba akasema: "Sawa, jaribu mara moja zaidi. Hii ndiyo ya mwisho." Ndipo akaja kwako, na wewe ukampa Mpango.

Mpango wenyewe unaujua: ile karatasi kubwa ya manjano ambayo juu yake kuna picha yako ukiwa umekunja mikono kifuani kama mtu anayetudai maelezo. Tumeibandika ukutani jikoni, juu ya mtungi wa maji. Kila alama za dada zinaposhuka katika mtihani wa majaribio, kituo chako humpa Mpango Uliorekebishwa, nasi huubandika juu ya ule wa zamani. Sasa tuko kwenye Marekebisho ya Tatu na ukuta umeanza kuvimba.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Marekebisho yako hayaongezi kitu. Yanapunguza tu. Ya Kwanza yaliondoa redio ya bibi. Ya Pili yaliondoa mluzi wa sufuria la presha, kwa hiyo mama sasa anapika dengu katika sufuria la kawaida nasi tunazitafuna kama karanga. Ya Tatu yameondoa "mazungumzo yasiyo na tija". Maneno haya ni yako, sikuyatunga. Bibi yangu, ambaye hana mazungumzo ya aina nyingine, aliniomba nimsomee mstari huo mara mbili. Kisha akatema tambuu lake na kuuliza:

"Huyo Pathak alizaliwa na mtu, au alitolewa kwenye kompyuta?"

Nilimwambia sina uhakika. Naomba ufafanuzi ili nimjibu, maana ananiuliza kila asubuhi.

2. Dada yangu hawezi tena kumtaja ndugu yake. Naelewa kwamba mtihani una maswali ya undugu na maswali ya watu walioketi, na kwamba benki haiwezi kumkabidhi fedha za wateja mtu asiyejua nani ameketi kushoto kwa nani. Hilo silipingi. Lakini sikukuu ya Chhath shangazi alikuja kutoka Darbhanga na kapu la thekua, biskuti za sikukuu alizozikaanga mwenyewe, jirani akachungulia juu ya ukuta wa uwanja na kuuliza mgeni ni nani. Dada akamjibu kwa heshima zote:

"Ni dada pekee wa mtoto pekee wa kiume wa mama mkwe wa mama yangu."

Jirani alirudi kwake akihesabu vidole. Shangazi alibaki uwanjani na kapu lake, akamnong'oneza mama: "Wifi, hapo nimesifiwa au nimetukanwa?"

Wakati wa kula ndiyo usiseme. Dada haombi chumvi kama watu. Husema chumvi iko kwa mtu wa pili kulia kwa yule anayetazama kaskazini. Baba ni mkaguzi wa tiketi kwenye treni, mtu anayejua njia zote za Bihar hii, lakini inambidi aangalie kwanza jua limeingilia dirisha lipi ndipo ajue kama yeye ndiye mwenye chumvi. Chakula kinapoa, Ndugu Mkurugenzi, na dengu zenyewe ndizo zile.

3. Hili ndilo kubwa na linahitaji nafasi.

Katika mtihani huo, jibu baya hukatwa robo alama. Swali lisilojibiwa ni sifuri tu, halikati kitu. Kwa hiyo umewafundisha wanafunzi wako wote amri moja, nayo imeandikwa kwenye Mpango kwa wino mwekundu, kwenye ukuta wa darasa, na hata kwenye kikombe ulichowauzia: HUNA UHAKIKA? ACHA.

Ni amri nzuri sana. Dada yangu ameishika kuliko mtu yeyote. Mama akimwuliza kama anataka chapati nyingine, anaacha. Fundi cherehani akimwuliza mikono iwe mirefu au mifupi, anaacha, na ndiyo maana ana blauzi yenye mkono mmoja wa kila aina. Yote hayo tulivumilia. Lakini wiki iliyotangulia sikukuu, watu walikuja kumwona dada kwa ajili ya uchumba.

Walikuwa watatu. Bwana mmoja mwenye duka la vigae, mkewe Bi. Sulochana, na kijana wao Abhinandan. Baba alipouliza kijana anafanya kazi gani, baba yake alisema, "Anajiandaa." Baba akatikisa kichwa kwa heshima. Huku kwetu kujiandaa ni kazi kamili, wapo walioifanya mpaka wakaota mvi, na kumwuliza mtu anajiandaa kwa lipi ni kukosa adabu.

Dada aliingia na sinia la chai na sambusa, kichwa amekifunika. Bi. Sulochana akamtazama vizuri, akatabasamu, akamwuliza mwenyewe, uso kwa uso, jambo ambalo wakwe wengi hawalifanyi:

"Haya, mwanangu. Uko radhi kuwa wetu?"

Dada aliinua macho akayaelekeza darini. Mimi namjua. Ndivyo anavyofanya akiwa na majibu mawili na hajui lipi ni lipi. Nilitaka kumfinya lakini nilikuwa nimeshika bakuli la chatini. Akayateremsha macho, akanyamaza.

"Amenyamaza!" bibi akapiga makofi. "Mmeona? Amekubali! Mjukuu wangu ana haya. Si kama hawa wa siku hizi wanaojibu kabla hujamaliza kuuliza."

"Na wewe, Abhinandan?" baba akauliza. "Umeridhika na binti yetu?"

Kijana naye alitazama viatu vyake, huku akigonga goti kwa kidole kimoja. Tik, tik. Kisha hakusema neno.

"Mwanangu hawezi kusema mbele ya wazee," Bi. Sulochana akaeleza kwa fahari. "Nimemlea hivyo."

"Basi amekubali naye! Leteni ladu!" bibi akasema, na kabla sijaweka bakuli chini kila mtu alikuwa na ladu, ile peremende ya mviringo ya sherehe, mdomoni, hata dada, ambaye aliwekewa na mama mkwe wake mpya kwa mkono wake mwenyewe. Mtu mwenye ladu nzima mdomoni, Ndugu Mkurugenzi, hawezi kukata rufaa.

Kesho yake tulikuwa juu ya paa tukianua nguo.

"Dada, ulitaka kumjibuje?"

"Sikuwa na uhakika. Nikaacha."

"Lakini wamekula ladu!"

"Kutojibu ni sifuri, Mrinal. Sifuri haimwumizi mtu."

"Kwao si sifuri. Kwao ni ndiyo."

"Hilo halimo kwenye maelekezo," akasema, akaendelea kukunja. Shali moja aliikunja, akaikunjua, akaikunja tena. "Nikisema hapana, halafu nikashindwa mtihani, baba atanitazama kwa lawama maisha yangu yote. Nikisema ndiyo, na kumbe safari hii ningefaulu, nitajitazama mwenyewe. Wewe ungejibu lipi?"

Sikuwa na uhakika. Unajua nilifanya nini.

4. Kuhusu jambo hili sina uhakika, kwa hiyo nimeliacha kama unavyofundisha. Nitarudi muda ukibaki.

5. Kuhani wa familia alifungua kalenda yake akasema kuna siku moja tu njema kabla nyota hazijafunga, na zikifunga hakuna ndoa mpaka katikati ya Januari. Siku hiyo ni Jumapili ya kwanza ya Desemba. Nadhani wewe huhitaji kalenda ya kuhani kuijua Jumapili hiyo. Ni ile uliyoizungushia duara jekundu kwenye Mpango, siku ya mtihani wa benki, ambapo dada yangu anatakiwa awe Muzaffarpur, mbele ya kompyuta.

Mama alisema taratibu, "Lakini mtihani..." Bibi akasema mtihani hurudi kila mwaka kama mafua, mkwe mwenye duka la vigae harudi. Baba alimtazama dada kwa muda, akamwuliza, "Vibha, unasemaje?"

Ndugu Mkurugenzi, baba yangu alimwuliza. Alikaa chini kabisa, akavua miwani, akamwuliza. Na dada yangu, mwanafunzi wako bora katika somo hili, akaacha.

Juzi baba alipanda ngazi zako kuwaarifu kwamba Vibha haji tena. Karani wako alimpongeza kwa harusi, akamwambia kiti kitapewa mwingine kwa sababu foleni ni ndefu. Hicho ni kiti cha mstari wa kwanza karibu na feni. Dada alikipata kwa kuwahi kufika msimu wote wa mvua, viatu mkononi, wakati wengine wakingoja maji yapungue barabarani. Baba alipotuambia, dada aliinuka akaenda kuangalia dengu. Dengu hazikuwa jikoni. Zilikuwa mbele yetu, tulikuwa tunazila.

6. Kwa hiyo naomba Marekebisho ya Nne, kama ifuatavyo.

(a) Amri ya HUNA UHAKIKA? ACHA ifutwe ukutani, kwenye karatasi, na kwenye vikombe. Vikombe vilivyokwisha kuuzwa virudishwe.

(b) Mahali pake liwekwe somo jipya liitwalo Maswali ya Nyumbani. Wanafunzi wafundishwe kwamba benki ikikuuliza ukanyamaza, inaandika sifuri, lakini mama mkwe akikuuliza ukanyamaza, anaagiza hema, wapishi na wapiga tarumbeta.

(c) Uiandikie benki iuahirishe mtihani kwa ajili ya ndoa ya dada yangu. Najua watahiniwa ni wengi mno, lakini nimeuliza darasani kwetu, na karibu kila msichana ana dada. Huenda wote wakashukuru.

(d) Benki ikikataa, basi kuna swali ambalo nimelitunga kwa mtindo wako, nami nimelifanya mwenyewe kwa penseli. Watu wanane wameketi kuzunguka moto wa ndoa, wote wakitazama moto. Kuhani ametazamana na bwana harusi. Bibi ni wa tatu kulia kwa kuhani na hanyamazi. Bibi harusi yuko Muzaffarpur anafanya mtihani. Ni nani ameketi kushoto kwa bwana harusi?

Nimejaribu kila mtu. Mama hawezi kwa sababu ni mama. Mimi siwezi kwa sababu sheria inakataa, na pia nina mtihani wangu wa Darasa la Kumi. Shangazi ana mume, anaishi Darbhanga. Anayebaki ni mmoja tu, naye ni yule aliyesababisha bibi harusi anyamaze. Kwa hiyo, Ndugu Mkurugenzi, naomba kwa heshima kubwa uwe tayari siku hiyo kuvaa sari nyekundu na kuketi mahali hapo. Uso utafunikwa. Kazi si ngumu: mtu yeyote akikuuliza chochote, unanyamaza.

(e) Mikono usiikunje. Watakutambua.

Nina imani kwamba utalipokea ombi hili kwa moyo ule ule uliotuondolea redio. Kama nimekosea mahali, naomba usinikate robo, kwa sababu mimi bado ni mwanafunzi wa shule na sijajiandikisha kwako.

Nisalimie karani wako mwenye pongezi nyingi. Nisalimie mwalimu wa mantiki, ambaye dada anasema hajawahi kumaliza sentensi bila kusema "kwa hiyo". Nisalimie muuza peremende wa chini, na umwambie ladu zile zilikuwa zake na zilikuwa kubwa kuliko kawaida. Bibi hakusalimu, lakini anauliza lile swali lake.

Wako katika utii na subira,

Mrinalini Thakur

Tanbihi. Nilikuwa nimekwisha kutia sahihi, ninatafuta gundi ya bahasha, mlango ukabishwa. Alikuwa Abhinandan, peke yake. Mama yake alimtuma alete mfano wa kadi ya harusi ili tuangalie kama majina yameandikwa sawa. Mama alimkaribisha jikoni anywe maji. Dada alikuwa huko anachambua mchele, akainamisha kichwa. Kijana akainua glasi, akautazama ukuta, glasi ikaishia njiani.

"Hii ni Marekebisho ya Tatu?" akauliza. "Sisi wa jioni bado tuko ya Pili."

Dada akasahau haya yake yote. "Wewe ni wa darasa la jioni?"

"Kiti cha nyuma kabisa. Chini ya bomba linalovuja."

Dada akaweka ungo chini. "Siku ile, baba alipokuuliza..."

"Niliacha," Abhinandan akasema. "Sikuwa na uhakika."

"Mimi pia niliacha!"

"Mmeacha nini?" bibi akapaza sauti kutoka uwanjani. "Nani ameacha nini humo ndani?"

Dada yangu akatoka uwanjani na mikono yenye vumbi la mchele. Baba alikuwa ameketi kwenye kiti chake na kadi ya harusi mkononi. Dada akasimama mbele yake. Sauti yake ilitetemeka mwanzoni, halafu ikaacha.

"Baba, sikuliacha lile swali. Niliweka alama ya kulirudia. Kompyuta ya mtihani inaruhusu, unapita mbele, kisha unarudi kabla muda haujaisha. Sasa nimerudi. Jibu langu ni hapana. Kijana huyu hana ubaya. Lakini Jumapili ile nina mtihani, na nataka kwenda kuufanya. Nikishindwa, nitakuwa nimeshindwa mimi."

"Na mimi nina mtihani, baba," Abhinandan akasema mlangoni, glasi bado mkononi. "Huo huo."

Bibi akashika kichwa. "Mizimu ya kwetu! We Raghunandan! Binti anavunja ndoa uwanjani, na bwana harusi anamsaidia kuvunja! Wewe ndiye baba yake, huna la kusema?"

Baba akavua miwani. Akamtazama dada. Akaitazama kadi, yenye jina la dada kwa wino wa dhahabu, herufi moja imekosewa. Akakaa kimya.

Tulingoja. Akaendelea kukaa kimya.

"Bibi," nikasema, kwa adabu kabisa, "baba amenyamaza."

"Nina macho, nimeona!"

"Na katika nyumba hii, mtu akinyamaza..."

Bibi akafungua mdomo. Akaufunga. Akatafuta tambuu lake. "Na wewe umekuwa Pathak?" akaniuliza, kisha hakuongeza neno, nami nikahesabu kwamba waliokubali sasa ni wawili.

Baba akaikunja kadi, akaitia mfukoni pamoja na miwani, akasema kwamba Jumapili ile kuna treni ya alfajiri kwenda Muzaffarpur na kwamba yeye mwenyewe atakuwa zamu. Abhinandan ameondoka kwenda kumwambia mama yake. Alisema hana uhakika ataanzaje, ila safari hii haachi. Kabla hajatoka aliomba kuazima maelezo ya dada kuhusu maswali ya undugu, kwa sababu lile la shangazi, ambalo jirani amelisambaza mtaani, hakulielewa, na dada akacheka. Jirani amechungulia ukutani kuuliza kuna nini.

Kwa hiyo, Ndugu Mkurugenzi, naomba usirekebishe chochote. Amri yako ibaki ukutani. Vikombe viuzwe. Sari nyekundu hutaihitaji, maana bwana harusi naye hatakuwepo, na ungekaa peke yako na kuhani. Kama umekwisha kuisoma barua hii mpaka hapa, zihesabu namba 1, 2, 3, 5 na 6 kuwa hazikujibiwa.

Lakini muda umebaki, kwa hiyo narudi kwenye namba 4. Niliiacha kwa sababu niliogopa jibu. Naomba unijibu kwa posta ya kurudi, na ujue tu kwamba barua hii imeandikwa nyumbani kwetu, na ukinyamaza tutajua umesema nini. Je, kile kiti cha mstari wa kwanza, karibu na feni, bado ni cha dada yangu?